Mkunjo wa Mwisho

"Huendi," nilisema. "Na hilo begi liweke chini."

Binti yangu hakuliweka. Alisimama kati ya meza ya kushonea na mlango wa karakana, amevaa gauni jeusi la kuigizia, akanijibu kwamba yeye ni mtu mzima, kwamba onyesho la mwisho la filamu yao linapigwa leo, na kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kwamba mtu akianza kazi aimalize. Yote kweli. Nilimwambia kazi inayokula mtu haimalizwi, hukimbiwa. Akacheka kwa pua, akaniuliza kama nina wivu.

"Wivu wa nini? Wa kupakwa poda usoni?"

"Wa kuonekana na watu. Wewe umekaa humu miaka yote unashona vitabu vya wenzako, hata jina lako halimo."

Maneno hayo yaliniuma, lakini nilishukuru. Mtoto anayejua pa kumchoma mama yake bado ni wake. Kilichonitisha ni kilichofuata. Alishikwa na kiu, akatazama huku na huku, kisha akaniuliza kwa adabu, kama mteja, maji ya kunywa yanawekwa wapi. Mtungi umekaa kwenye kona ile tangu hajaanza kutambaa.

Filamu yenyewe ilihusu kitabu adimu cha uchawi na matajiri wanaouana ili wakipate. Mwenye fedha za kuitengeneza alikuwa bibi mmoja mzee, mkavu kama ubao, anayetembea kwa kushikashika kuta. Mwongozaji wa filamu alimwogopa kiasi kwamba alisema "ndiyo, bibi" kabla bibi hajafikia katikati ya sentensi. Bibi hakutaka kitabu cha bandia. Alikuja kwangu na chake, kimeandikwa kwa mkono, jalada la ngozi, uti umevunjika, akataka nikijalidi upya. Nikiwa nakikagua, binti yangu aliingia kuniletea chai. Bibi alimtazama mpaka chai ikapoa, kisha akasema, huyu ndiye atakayekisoma mbele ya kamera.

Kitabu hakishonwi karatasi moja moja. Karatasi chache hukunjwa pamoja, huo ndio mkunjo, na mikunjo hushonwa mmoja juu ya mwingine. Chini ya kila mkunjo fundi huweka alama ndogo ili asikosee mpangilio. Katika kitabu cha bibi alama zote zilikuwa zimekwanguliwa kwa kisu, na mikunjo imeshonwa shaghalabaghala, wa kati mwanzoni, wa mwanzo mwishoni. Lakini uzi ulikuwa mzuri, umepakwa nta, mafundo yamefungwa mara mbili. Fundi aliyekishona hakuwa mlevi, mlevi hafungi mafundo ya namna ile. Niliona hilo na nikalipita. Nilichojali ni kwamba mdudu wa karatasi alikuwa amekitoboa kitabu kabla hakijavurugwa. Nikaifungua mikunjo, nikaipanga na kuipangua mpaka matundu yakanyooka, na waya mwembamba ukapita kutoka jalada hadi jalada. Nina stashahada ya uchapaji na hakuna mwalimu aliyenifundisha ujanja huo. Nilijipongeza. Sikusoma hata mstari mmoja. Fundi akisoma kila anachoshona, watoto hulala njaa.

Wakaanza kupiga picha, na kila onyesho binti yangu alisoma mkunjo mmoja kwa sauti. Bibi alikaa nyuma ya kamera kwenye kiti chake, akisikiliza.

Baada ya onyesho la kwanza binti yangu alitafuta chumvi jikoni, akafungua kila kopo isipokuwa lenye chumvi. Nikasema uchovu. Baadaye alisimama mbele ya picha ya marehemu baba yake ukutani, akaniuliza huyu mzee ni nani, halafu akacheka kama aliyekuwa akitania. Nikampeleka hospitali. Daktari akampima damu, akamwandikia vidonge vya kuongeza nguvu na kumshauri alale mapema. Basi akawa analala mapema. Kisha siku moja mchana nikasikia mtu anapiga hodi. Nikaitikia karibu, hakuingia. Nikaenda kufungua. Alikuwa yeye, amesimama nje ya mlango wa nyumba aliyozaliwa, anangoja kuruhusiwa.

Jana mwongozaji aliniletea kitabu. Kilikuwa kimeanguka, mkunjo wa mwisho ukachomoka. Safari hii nilikaa nikakisoma chote. Hakina pepo wala damu ya jogoo. Ni mtu anaaga. Mkunjo wa kwanza unaaga vyombo, unaofuata vyumba, unaofuata watu. *Nauacha mlango nilioingilia, usinijue. Nauacha mkono ulioniogesha, usinijue.* Hivyo hivyo, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka nyumba nzima inabaki tupu. Mkunjo wa mwisho hauagi. Unakaribisha.

Hapo nikamwelewa yule fundi wa zamani na mafundo yake. Alikuwa amekifunga kitabu mdomo. Mimi nikakifungua.

Leo, tukiwa bado tunabishana juu ya begi lake, nilikuwa nimeanza kumweleza binti yangu haya, naye ameanza kutikisa kichwa kwa huruma, kama watu watikisavyo kwa wazee waliochanganyikiwa, gari liliposimama nje. Bibi akaingia peke yake. Hakupiga hodi. Pale mlangoni sakafu imeinuka, na kila mgeni hujikwaa. Yeye aliinua mguu bila kuangalia. Hakushika ukuta. Akanyoosha mkono nyuma ya kopo la gundi, akachukua kikombe cha bati ninachokificha pale kwa sababu wateja huvipenda vikombe vyangu kuliko bei zangu, akachota maji mtungini, akanywa.

Nilimwambia kitabu hakiko tayari na binti hatoki.

"Usinikunjie uso, Gundi," alisema.

Gundi ni jina aliloniita mtoto mmoja tu, akiwa na miaka mitatu, kwa sababu nilinuka gundi kila nilipombeba. Hatukulitumia mbele ya watu. Nilimgeukia binti yangu nione kama limemgusa. Alikuwa anatazama saa.

"Baba yako alifariki wapi?" nilimuuliza.

"Mama, tumechelewa."

"Jibu kwanza, halafu utakwenda."

Akafungua mdomo. Nikaona macho yake yakitafuta, kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka.

"Hospitali," alisema bibi kwa upole. "Kitanda cha dirishani. Ulikuwa umeshika soksi yake moja, ukakataa kuiachia mpaka mama yako akakuahidi kuifua."

Ndivyo ilivyokuwa. Binti yangu akakaa juu ya rundo la makaratasi na gauni lake jeusi, begi likamdondoka. Aliuliza, sijui alikuwa anamuuliza nani kati yetu, mtu huyu amezijuaje habari zake. Bibi hakujisumbua kudanganya. Alisema mtu anayesoma lazima asome kwa sauti, kwa hiari yake, na mwenye kitabu awe anasikiliza. Amehangaika miaka mingi, maana siku hizi nani anamsomea mwenzake kitabu? Lakini mwambie kijana kuna kamera, atakusomea mpaka risiti za duka.

Nilisimama kati yao. Nilimuuliza bibi kama vitu alivyochukua vinaweza kurudi.

"Haviendi nyuma," alisema. "Kitabu kina mwelekeo mmoja, wewe ni fundi, unajua. Tazama basi, tuongee kama wanawake wazima. Ukiuharibu mkunjo huo, mimi nitakwenda kufa kwangu na nilivyo navyo. Hutavipata. Huyu hatakujua kesho, na keshokutwa hatakujua. Ukiniachia asome, mtoto atakayerudi kwako atakumbuka kila kitu. Wimbo uliokuwa unamwimbia. Soksi. Atakuita Gundi. Atakutunza uzeeni, atakuzika vizuri, na atalia kweli, kwa sababu nitakuwa nakukumbuka kweli."

"Na huyu?"

"Huyu amebaki nini?"

"Nimekuuliza, huyu atakwenda wapi?"

Bibi akatazama viatu vyake.

Siwezi kusema sikutamani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini hakuna aliyewahi kutuambia uchungu wa mwana aliyekaa mbele yako, mzima, anayekutazama kama karani wa benki. Sauti ya yule bibi ilikuwa imeanza kuwa na kile kicheko kidogo cha mwanangu mwishoni mwa maneno. Ningefumba macho ningemsikia yuko pale, upande ule wa chumba, kamili. Upande huu alikuwepo msichana mwenye kidevu cha baba yake, asiyejua amuogope nani.

"Naogopa," msichana alisema. Hakusema mama.

Nilichukua mkunjo wa mwisho mezani. Bibi aliona ninakoelekea, akanyoosha mkono, akasema maneno ambayo hata sasa siyaandiki, yalikuwa maneno ya mtoto wa miaka mitatu aliyeota ndoto mbaya. Sikugeuka. Mashine ya kukatia karatasi iko ukutani, ya chuma, ya zamani, inakata rundo kama kuni. Nikauweka mkunjo chini ya kibano, nikazungusha gurudumu mpaka karatasi zikalia. Bibi akanishika bega. Vidole vilikuwa vya kizee tena, vinapapasa. Nikamsukuma kwa kiwiko, nikashusha mkono wa mashine kwa uzito wangu wote.

Wembe ukapita. Nikaugeuza mkunjo ubavu, nikabana, nikakata tena.