Beseni la Mjane

Fundi alikuwa anaingiza mkono wa gauni la mteja kwenye cherehani watu wa ukoo wa mumewe waliporudi kwa mara ya pili. Mara ya kwanza walikuwa wamebeba kitanda, kabati, viti na jiko. Shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, alisimama mlangoni akingoja mshono ufike mwisho, maana alikuwa mtu wa adabu. Kisha akamwomba achomoe kitambaa mapema, sindano isije ikavunjika njiani. Fundi akachomoa. Wakaibeba cherehani watu wawili, mmoja kichwani, mmoja miguuni, kama walivyombeba marehemu wiki iliyotangulia.

Beseni la plastiki waliliacha kwa sababu lilikuwa na ufa.

Jioni hiyo fundi aliliosha, akalifudikiza sakafuni likauke. Asubuhi alipoliinua alikuta mkate, bakuli la maharage ya moto na kipande cha sabuni. Alimwamsha binti yake, wakala, wakafua. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Binti alipopata kikohozi, chini ya beseni palikuwa na chupa ya dawa pamoja na kijiko. Shule zilipofunguliwa palikuwa na viatu vyeusi, vinavyobana kidogo kisiginoni kama viatu vyote vipya. Wakati fulani fundi alificha nusu ya mkate nyuma ya mlango, kwa tahadhari tu. Kulipokucha ulikuwa umegeuka mchanga. Akaufagia, hakurudia tena.

Majirani walilipokea jambo lenyewe bila makuu. Muuza mkaa wa nyumba ya pili aliuliza kama samaki nao huwa wanakuja. Fundi akasema huja, ila wadogo. Muuza mkaa akasema hata sokoni siku hizi ni hao hao.

Jumapili moja mchungaji aliomba ushuhuda, na fundi, ambaye hakuwahi kusimama mbele ya watu, alisimama. Akasema aliachwa na kuta tupu, na tangu siku hiyo Mungu hajamwacha alale na njaa hata mara moja. Akasema hakosi kitu. Alikuwa anamaanisha kila neno. Watu wakaitikia amina, na amina ya shemeji ilikuwa nzito kuliko zote.

Kuanzia hapo bibi wa jirani, aliyekuwa akimletea unga kwa kujificha, aliacha kuleta. Kapu la wajane likizungushwa pale kanisani lilimruka kwa heshima. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walisema ni kukosa adabu kumwongezea mtu aliyekwisha kulishwa na Mungu, ni kama kumpelekea mfalme chumvi.

Fundi aliomba kikao cha ukoo kwa ajili ya cherehani peke yake. Walikutana sebuleni kwa shemeji, wakakalia viti vilivyotoka kwa fundi, yeye akapewa kigoda. Alisema kitanda na kabati walale navyo salama, lakini cherehani aliinunua kwa jasho lake kabla hajajua kama ukoo huo upo duniani, na ndiyo kazi yake.

Shemeji alimsikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji," akasema kwa upole, "Jumapili ile ulisema nini mbele ya watu?"

"Nilisema Mungu hajaniacha."

"Ulisema hukosi kitu. Sasa unataka tukuone wewe mwongo?"

Mjomba wa marehemu, mzee aliyeheshimiwa na wote, akamshika bega. "Mwanangu, wewe umeshampata Mwenye kukulisha. Sisi wenzio ndio bado tunahangaika na vitu."

Mchungaji, aliyealikwa kufungua kwa sala, alikubali kwamba si vyema moyo wa mtu uegemee chuma.

"Mungu ananipa chakula," fundi akasema. "Cherehani mliichukua nyinyi."

Kisha mtu akauliza kama chai imebaki.

Fundi alirudi nyumbani kwa miguu, na imani yake haikuwa imepungua hata chembe. Hilo ndilo lililomchoma. Kama Mungu angekuwa amemsahau, angalau angekuwa na mahali pa kugawia hasira. Sasa yote ilikuwa ya watu, na watu walikuwa wamemaliza kikao.

Usiku huo aliongeza ombi. Alisema anashukuru kwa mkate, hana neno na mkate, lakini anaomba cherehani yake. Asubuhi aliinua beseni. Palikuwa na mkate, sindano moja ya mkono na kibunda cha uzi mweusi. Alilifudikiza tena, akaliinua tena. Vilikuwa vile vile. Akakaa muda mrefu akiitazama sindano, halafu akatunga uzi, kwa kuwa sindano ilikuwa nzuri.

Mteja wake wa kwanza alikuwa mke wa shemeji. Alikuja na suruali ya suti ya mumewe, akaketi sakafuni bila kuambiwa, akaeleza kwamba pale kwao hakuna anayejua kuitumia ile cherehani. Kichwa wamekiweka stoo, meza yake imewekewa televisheni, imekaa vizuri sana.

Fundi aliishika suruali kiunoni. "Niipunguze wapi?"

"Usipunguze, dada. Iachie. Amenenepa."

"Na malipo?"

"Anasema wewe unajua malipo yako yanatoka wapi."

"Mwambie najua. Mwambie na yanapozuiwa napajua."

Mke wa shemeji alifikiri, akasema hilo hatalifikisha, maana mumewe ana presha.

Fundi alifumua mshono wa nyuma, akauachia mpaka kitambaa kilipokomea, akaushona upya kwa mkono, nukta kwa nukta, uzi maradufu. Hakujua kushona vibaya, hakuwahi kufundishwa. Ilimchukua mchana kutwa, kazi ambayo cherehani ingeimaliza maji ya chai hayajachemka.

Jumapili shemeji aliivaa. Mchungaji alipowataka wote wapige magoti wamshukuru Mungu kwa alivyowapa, shemeji alipiga magoti kwa uzito wake wote, na mshono ulishika.