Mkahawa wa Nne

...na huu sasa ni wa nne, Ijumaa nne mikahawa minne, na kote kofia ni zile zile, pana kama makawa ya kufunikia chakula, zimetundikwa ukutani pamoja na gitaa lisilo nyuzi na picha ya mti wa miba, utadhani Wameksiko wote duniani hununua mapambo duka moja, aliwaza Nasriya, akaichomoa miguu yake viatuni chini ya meza pasi na mtu kuona, maana tangu watu watoke msikitini wamezunguka Ghubra nzima kutafuta pa kuegesha gari, na Humam, mwanawe wa mwisho, yuko mbele yake anaisoma orodha ya vyakula toka juu hadi chini ingawa walishaagiza, anaisoma kwa adabu kama mtu anayesoma barua ya mkwewe, na tangu walipotoka nyumbani kwao, mtaa wa Hail, mtoto hajasema ila "Mama, kiyoyozi hakikupigi hapo?" naye akamjibu "Hapa pananitosha, baba," na kwa kweli hapamtoshi, ubaridi unamshukia shingoni moja kwa moja, lakini kuhama meza nako ni kazi na leo hana nguvu ya kazi yoyote, amechoka na jibini ya manjano, amechoka na maharage yaliyopondwa, amechoka kumtazama huyu mtoto akitafuna ili amjue kwa mashavu yake kama anakaa au anaondoka... "Fajita ya nyama moja na taco za mahindi tatu, si ndiyo, Mama?" alikuwa amesema yule binti mhudumu, jina lake limebandikwa kifuani, Nambi, Mganda, alifurahi aliposikia wanazungumza Kiswahili, "Kumbe nyinyi ni watu wa Mombasa!" na Nasriya, ambaye swali hilo ameulizwa kwenye lifti, hospitalini, hata kwenye harusi ya bintiye mwenyewe, akasema tu "Sisi wa hapa hapa, mwanangu," hakutaja Unguja, ukishaitaja Unguja lazima uianze hadithi na hadithi yenyewe ina masafa marefu na dada wa watu ana meza nyingine sita za kuhudumia, "Sawa, Mama, jikoni ni dakika kumi tu, khalas," akaenda zake, dakika kumi, na meza mbele yao tupu, hata bilauri ya maji hakuna, na Humam akatabasamu kidogo akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na meza, "Kule, Mama, hujakaa vizuri wameshakuletea bakuli la chipsi za mahindi na chatini yake, bure, huombi," kule, hajasema Texas, hajasema San Antonio, amesema kule, kama watu wa rika la mamake Nasriya walivyokuwa wakisema kule na kila mtu mezani akajua ni wapi...

Basi na hii kule yake ndiyo iliyomzungusha Nasriya Maskati nzima mwezi huu, tangu bintiye Shatha alipompigia simu toka Sohar, sauti chini, mumewe asisikie, "Mama, usimwambie kama ni mimi nliyekwambia, ile kampuni aliyofanyia mazoezi kule wamemwita kazini, kazi yenyewe ya mambo ya maji aliyoisomea, wamempa mpaka mwisho wa mwezi ajibu, na hajui atakuanza vipi," na Nasriya akasema "Alhamdulillahi, kheri," akakata simu, akakaa kitandani, na badala ya kulia kama mtu mwenye akili zake akafungua simu ile ile akatafuta mkahawa wa Kimeksiko Maskati, wenye nyota nyingi, akakumbuka lile neno la Ramadhani wakati wa futari, Humam ameshika sambusa mkononi anaitazama, "Mama, jana nimeota taco ya yai," wote wakacheka, na Ghanim, babake Humam, ambaye jina lake Nasriya halitamki mbele ya wakweze, akasema huyo mtoto Marekani imemharibu mpaka usingizi, lakini Nasriya hakucheka sana, alijiambia kumbe ni hilo, kumbe ni ulimi tu, na ulimi una dawa... maana kwao wanayo hadithi, ameikuta, amelelewa nayo, kwamba mamake, Bi Buthaina, alipoletwa Maskati toka Unguja mwaka wa sabini na tano na watoto watatu na sanduku moja, alilia miezi mitano, hali, halali, anataka kurudi, mpaka siku moja babake Nasriya akaenda Matrah kwa muuza duka wa Kihindi akarudi na gunia la nazi na mbuzi ya kukunia, na mama akakuna nazi, akapika wali, akala, akatulia, nazi ndiyo iliyomweka Maskati mama yenu, baba akipenda kusema hivyo mbele ya wageni, na wageni wakicheka, na Nasriya aliyapokea maneno hayo kama alivyopokea dini, kwamba mtu hukaa pale mdomo wake unapopata kitu chake, basi, akaanza kumtafutia mwanawe nazi yake... ya kwanza Qurum, pwani, mahali pazuri mno, viti vyeupe, na ndani ya taco, ule mkate wao mwembamba wa kukunja, wamejaza nyama ya shawarma na kitunguu thomu kilichopondwa, Mlebanoni mwenyewe akaja mezani kuuliza vipi, na Humam akasema "Tamu sana, shukran", ya pili kule penye majumba ya wazungu na maboti, wenye nyota tano, na nyota tano zenyewe sijui nani anazitoa, hao watu hawana ulimi, mkate ulikuwa chapati, chapati hasa, ya ghee, Nasriya aliijua tangu haijafika mezani, na kwenye maharage akakuta jani la mchuzi wa Kihindi, "Tamu, Mama", ya tatu Ruwi, ghorofa ya chini, jirani na benki, yule mpishi alijaribu maskini, alitia bizari ya pilau ipasavyo, kwa sababu Humam alishamweleza mamake kwamba hicho chakula chake si cha Meksiko hasa, Wameksiko wenyewe wanakicheka, ni cha Wameksiko waliokaa Texas miaka na miaka, wakakipikia huko kwa walichokikuta huko, jibini ya huko, nyama ya huko, unga wa huko, na bizari ndiyo alama yake, na Nasriya akamwambia hapo hapo "Basi nimeelewa, baba, kama sisi," kwa sababu na wao wali wao wa nazi watu wa bara ya Omani waliucheka, chakula gani hiki kitamu kama halua, lakini Ruwi nako jibini ilikuwa ile ya kopo, ya kupakia mkate wa watoto shule, na Humam akala, akamaliza, akapangusa sahani, "Tamu."

Tamu, tamu, tamu, na hakuna mara moja aliyosema siyo, na hilo ndilo linalomchosha kuliko foleni za magari, huyu mtoto alikuwa hodari wa kukataa, alikataa uji, alikataa mchuzi wa papa, alimwambia nyanya yake usoni kwamba mkate wake wa kumimina umeungua, leo anakula shawarma anaiita taco na anashukuru, ni adabu ya mgeni hiyo, si adabu ya mtoto wa nyumba, na wazo hilo likamchoma Nasriya hapo alipo, akakunja mtandio kuziba shingo... "Mama, unasikia baridi, nlikwambia," "Siisikii," "Tuhame," "Kaa, baba, wacha," na macho yao yakakutana kidogo na ya Humam yakawahi kurudi kwenye orodha, ana kitu huyu, anacho mdomoni, alikuwa nacho hata ile Ijumaa ya kwanza, Qurum, sahani zimeshawekwa, akaiacha taco yake akafuta mikono akasema "Mama, nna neno nataka kukwambia," na yeye, yeye mwenyewe Nasriya binti Bi Buthaina, akasemaje, akasema "Kula kwanza, baba, kitapoa," na akala, na alipomaliza kula ikaja kahawa, na kahawa ikaja na tende, na baada ya tende akaja yule Mlebanoni, na garini yeye akafungua redio... kwa sababu kwao neno zito halisemwi chakula kikiwa mbele ya mtu, haijaandikwa popote, lakini ndivyo walivyo, ammi yake alipofariki Unguja simu ililia baba yuko kwenye sinia, mama akaipokea, akasikiliza, akaiweka, akarudi akakaa pale pale chini akamwongezea baba mchuzi, mtoto Nasriya anamtazama, hajui simu imesema nini, na baba akala mpaka akashiba, akanawa, akajifuta, ndipo mama akamwambia ndugu yako katutangulia, na baba akauliza umejua tangu lini, mama akasema tangu hujafika nusu ya wali, na baba hakukasirika, alimshukuru, aliona amemtendea wema, na ni wema, mtu apate nguvu kwanza ndipo abebe... ni wema, lakini mama yule alisubiri mara moja, sinia moja, na mimi, aliwaza Nasriya, na mkono wake ukaacha mtandio, mimi nimepanga masinia manne, Ijumaa nne mfululizo nimemwekea chakula mbele yake na katikati ya wiki sambusa na katlesi na chai ya saa kumi, kila anaponikaribia nina sahani mkononi, kila anapofungua mdomo naujaza, najidai namtafutia taco, lahaula, mimi simtafutii taco, mimi namziba.

Uso ukamwaka moto pamoja na kile kiyoyozi, aliona aibu, aibu hasa, ya kukutwa, ingawa hakuna aliyemkuta, Humam amegeuza ukurasa wa vinywaji, meza ile ile, kofia zile zile, na Ijumaa ya pili je, alijaribu tena, ndiyo, ngazini, "Mama, nna..." na yeye akajishika goti, goti lililokuwa zima, na Ijumaa ya tatu hakujaribu, hapo ndipo Nasriya alipolala vizuri usiku wake wa kwanza, akidhani ile bizari ya Ruwi imefanya kazi, kumbe kijana amekata tamaa, na leo ndiyo ya mwisho, Shatha amesema Jumatatu wale watu wanataka jibu, na kama leo nayo itakwenda kwa tamu na shukran atawaandikia hapana, hatagombana, hatalalamika, atawaandikia sitaweza kuja, ana mama, atabaki Hail, atabaki kwenye ile kampuni ya binamu yake anakouza mabomba wakati amesomea kuyachora, atakula kila atakachowekewa, na hii ndiyo niliyoitaka, si ndiyo, abaki, nimuone kila siku, nisikie mlango wa geti... na hapo, hakujua kwa nini, akamuona mama, si mama wa kwenye hadithi ya baba, mama mwenyewe, siku ya gunia la nazi, yeye ana miaka mitano amechungulia jikoni, mama amekaa juu ya mbuzi anakuna, anakuna, na mchirizi wa machozi unamtelemka mpaka kidevuni na hajifuti kwa sababu mikono ina tui, na anamwambia dada yake, "Kavu, hii nazi, haina mafuta, si yetu," halafu akajifuta kwa bega akatoka na sinia anacheka, baba akaona kicheko, akaona wali umeliwa, akatunga hadithi, na sote tukaikariri, na hakuna aliyewahi kumuuliza, miaka arobaini, mwenyewe kazikwa na hakuna aliyewahi kumuuliza Bi Buthaina, wewe, unataka nini, kila mtu alimuuliza umekula... hakutulia, yarabi, hakutulia kamwe, alijifunza kulia jikoni, basi, na mimi niliona kwa macho yangu nikaamini masikio, na sasa namkunia mwanangu ile ile nazi kavu, anakula ananitazama kwa jicho la mama, la kunihurumia mimi mlishaji, na mimi nahesabu nimemweka... akienda nitabaki na nani, na Ghanim na magazeti yake, na nyumba vyumba saba, na simu ya Ijumaa yenye mchana wetu na alfajiri yao, nitaumwa, nitaumwa kweli, hilo nisijidanganye, lakini huko kuumwa ni kwangu, kwa nini alipie yeye kwa kubaki... na mlango wa jikoni ukafunguliwa, dakika kumi zimekwisha au bado, Nambi anakuja na ile sahani ya chuma inayochemka, moshi umetangulia, bizari imetangulia, na harufu safari hii, subhanallah, ni nzuri, ni nzuri kuliko zote tatu, Humam amekwisha inua kichwa, pua imemcheza, na ni hatua sita hizi, tano, ikitua mezani imekwisha tena, "kula, baba," yatatoka yenyewe hayo maneno, Nasriya anajijua, yamo mdomoni tayari, akanyanyua mkono.

"Mwanangu, rudi nacho jikoni kidogo."

Nambi akasimama, mikono miwili kwenye ubao wa ile sahani. "Kuna shida, Mama? Hii ni ya moto kabisa, ikilala haitakuwa nzuri."

"Hapana shida. Nipe nafasi niseme na mwanangu. Nikikuita utaleta."

Nambi akamtazama mmoja, akamtazama wa pili, akageuka na moshi wake, na Humam ameishika orodha ya vyakula kwa mikono yote miwili haisomi tena, na Nasriya akavivaa viatu vyake chini ya meza, kwanza cha kulia, halafu cha kushoto, kwa sababu hili si neno la kulisema umevua viatu.

"Kule wanakutaka," akasema. "Shatha kaniambia, usimgombeze."

Humam akaifunga orodha, akasema, macho chini, "Nlitaka nikwambie mimi mwenyewe, Mama. Tangu ile siku ya Qurum nataka kukwambia."

"Nnajua. Na mimi nnakulisha." Sauti ilitaka kumkatika, akaiacha ikatike. "Haya, sema sasa. Hakuna kitu mezani."