Seva Iliyokuwa Ikingoja

Chapuchapu alipewa jina hilo kwa ajili ya vidole vyake, nalo lilimfuata mpaka ofisi ya kompyuta ya hospitali ya macho, alikofanya kazi pamoja na mke wa kaka yake, Mama Pacha. Jumamosi alipandisha programu ya seva, kompyuta inayoendesha tovuti ya miadi, hadi toleo jipya, akaijaribu palepale kwenye mashine yenyewe, akaona inaenda, akarudi nyumbani akipiga mluzi.

Jumatatu tovuti ya miadi ilijikokota kama mgonjwa aliyetoka kupasuliwa. Watu walibonyeza, wakangoja, wakachoka, wakaja wenyewe. Ukumbi wa mapokezi ukajaa wazee wenye miwani myeusi na ndugu waliowashika mikono. Mganga mkuu akashuka ngazi. Hakupandisha sauti, alisema tu kwamba hali isipobadilika hadi mchana, toleo la zamani lirudishwe, na kwamba haraka haraka haina baraka. Maneno hayo yalimchoma Chapuchapu.

Tangu alipoingia kazini asubuhi alikuwa akigusa hili na lile kwa pamoja, akiwasha na kuzima, bila nafuu.

"Shemeji, toa mikono kwanza," Mama Pacha akamwambia.

Alimwomba arudishe yote aliyoyabadilisha asubuhi ile, wabaki na ugonjwa mmoja badala ya matano. Kisha wakakaa wakaitazama tu. Ajabu ni kwamba seva haikuwa imeelemewa. Ilikuwa imekaa kitako, haina kazi, na wageni wamepanga foleni mlangoni.

"Hii haijachoka," Chapuchapu akasema polepole. "Inamngoja mtu."

Wakamfuatilia mgeni mmoja hatua kwa hatua. Toleo jipya, kabla ya kumfungulia ukurasa, lilitaka kujua jina la kompyuta yake, na jina hilo liliulizwa kwa mashine nyingine, ile kuukuu iliyowekwa katika chumba cha chini ya ngazi. Mashine hiyo haikujibu. Seva ikauliza tena, ikangoja, mpaka ikakata tamaa. Na kwa kila mgeni ilikuwa hivyohivyo. Jumamosi tatizo halikuonekana kwa sababu Chapuchapu alijaribu kwenye seva yenyewe, nayo haikuhitaji kuuliza jina lake.

Mashine ya chini ya ngazi Mama Pacha aliizima yeye mwenyewe Ijumaa, akidhani haina kazi tena, na hakumwambia mtu. Ufunguo wa chumba kile alikuwa nao peke yake; angeweza kwenda kuiwasha kimyakimya, na lawama zikabaki kwa shemeji yake.

Chapuchapu akaondoa agizo la kuuliza majina. Ukurasa ukafunguka kabla hajainua kidole. Wakapanda pamoja kutoa taarifa.

"Daktari, shemeji yangu hakukosea peke yake," Mama Pacha akasema. "Mashine iliyokuwa ikiulizwa niliizima mimi, na sikumwambia."

Mganga mkuu alimtazama kidogo, akauliza kama miadi sasa inakwenda, akarudi kwa wagonjwa wake.

Kwenye ngazi Chapuchapu alikiri kwamba kama angekuwa mahali pa Mama Pacha, angenyamaza.

"Nakujua," Mama Pacha akajibu. "Ndiyo maana niliharakisha kusema, uone inavyofanywa."

Akacheka, akaenda kutafuta chai yao wawili.