Mjumbe wa Mstari Mmoja

Katika ukoo wetu binamu hana kosa. Bryson, mtoto wa shangazi yangu, aliweza kuja kwetu Magamba, akamkamata jogoo mbele ya baba na kuondoka naye, na baba akabaki anacheka. Mimi aliniita mke wake. Mimi nilimwita mahari iliyorudishwa. Ndio utani, na mtani hakasirikiwi.

Mwaka ule shamba la chai lilikuwa limebinafsishwa. Wenye mali wapya walitaka kompyuta ya kiwandani, kule mlimani, izungumze na ya ofisini Lushoto, wakatangaza nafasi ya fundi. Mimi nilikuwa nimeshaandika programu ya namna hiyo kwa lugha ya C, kwenye kompyuta ya chuo nilikofundisha kupiga chapa. Niliiita Mjumbe. Kompyuta moja inaituma nyingine, "Nijumlishie majani ya leo," na jibu linarudi kwa waya wa simu kana kwamba kazi imefanyika papo hapo. Wenzangu kwa kazi hiyo huandika kurasa. Kwa Mjumbe unaandika mstari mmoja, basi.

Niliijaribu kwa Bryson, ambaye alisomea kompyuta Tanga kwa kadiri ya subira yake, yaani kidogo.

"Ukiweza wewe," nilimwambia, "hata ng'ombe wa shamba la Irente wataweza."

Akaweza, mara ya kwanza tu. "Mke wangu, leo nimepata akili bila kulipa ada. Niachie disketi nikajifunze."

Nikamwachia.

Siku ya usaili meneja, Bwana Jamali, alinipokea kwa huruma. "Pole, dada. Nafasi imepata mtu jana." Akanionyesha kioo cha kompyuta. Mjumbe ilikuwa inafanya kazi, na pale juu palipokuwa na jina langu paliandikwa Bryson. Mwenyewe alikaa pembeni na tai ya kuazima.

"Mzee, hii niliiandika mimi," nikasema.

Meneja akamgeukia Bryson.

"Huyu binamu yangu, mzee," akasema Bryson kwa upole. "Juzi alidai hata viatu hivi ni vyake."

Karani Hamida akaangua kicheko. Meneja naye. "Kumbe watani."

"Si utani. Niulizeni ndani yake mna nini, niwaeleze mstari kwa mstari."

"Ya ndani tuyafanyie nini? Tunataka ifanye kazi, na yeye inamfanyia."

Niliitengeneza hivyo makusudi, mtumiaji asihitaji kujua ya ndani. Kila nilivyozidi kukasirika, walizidi kucheka. Hamida alifuta machozi, akasema naigiza vizuri.

Bryson alinifuata nje. "Usinune, mke wangu. Nitakuombea kibarua hapa hapa, uwe unanisaidia. Baba mwenyewe akisikia atacheka."

Ni kweli, baba angecheka.

Alisimama akingoja nimtukane. Tusi nilikuwa nalo, zuri kweli, la ile tai. Nikalimeza, nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Bwana Bryson."

Akacheka, akasubiri nimalizie. Nikabaki nimepiga goti.

"Dora. Sisi watani hatuamkiani hivyo."

"Shikamoo."

Meneja alikuwa mlangoni anatutazama, na shikamoo haiachwi bila kuitikiwa.

"Marahaba," akasema Bryson, mkono ukiitafuta tai ailegeze.

Nikashika njia ya Magamba.