Zawadi ya Kwanza ni Chumba

Jumatatu asubuhi Kataliko alikuwa amesimama kwenye kaunta ya duka kubwa la vifaa vya ujenzi, katikati ya Butembo, akisubiri mabati ya mteja wake wa Beni. Nje, vijana wa duka walikuwa wakipakia saruji kwenye lori huku wamejitanda magunia matupu kichwani. Kataliko alikuwa mkandarasi wa nyumba za kuishi. Alianza kama mpiga plasta, na mpaka siku ile hakuwahi kumwachia mtu mwingine amalize ukuta wake. Mabati yalikuwa ya Hadidja, mjane muuza vitenge, ambaye nyumba yake ilibaki kuezekwa tu. Henri, mwenye kaunta, alimwuliza kama anataka risiti. Lilikuwa swali la mazoea, kwa maana mjini Butembo hakuna aliyewahi kujibu ndiyo.

"Shef, leo uchukue facture ya kweli," Henri alisema. "Ile ya mashini. Njo inaleta coupon ya tombola. Ni ya ba-entrepreneurs peke yao."

"Premier prix ni nini?"

"Chumba. Complet. Na mulango, na dirisha, na tôle yake juu."

Kataliko alicheka, kisha akaacha kucheka. Alikuwa amejengea watu nusu ya mtaa, na yeye mwenyewe alikuwa akiishi na mkewe Gracieuse na watoto katika vyumba viwili, wavulana wakilala sebuleni chini ya meza. Risiti ya mashine ilidai jina la mwenye nyumba na mahali nyumba ilipo. Akataja Hadidja, akataja Beni, akataja na mtaa. Akaweka kuponi ya bahati nasibu ya wakandarasi mfukoni na kwenda kuhesabu mabati. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake, kosa la baba anayetaka watoto wake wapate pa kunyoosha miguu, na wakandarasi wengi walilifanya mwezi ule.

Nyumba ya Hadidja ilikuwa ndogo, lakini chumba cha upande wa mashariki kilikuwa kimejengwa kwa heshima ya pekee. Kilikuwa cha Djuma, mwanawe, aliyebeba kakao kwa pikipiki kutoka Mutwanga na aliyekuwa akitafuta mchumba. Kwa wajenzi wa kule ni desturi kwamba mwenye chumba ndiye anayekanyaga mchanganyiko wa kwanza wa msingi wake, kwa miguu mitupu, hata kama nyumba ni ya matofali na saruji. Djuma aliukanyaga huku akilalamika baridi na kuwachekesha vibarua. Kuta zilipofika usawa wa madirisha, alipotelea katika njia ya Mutwanga, yeye na pikipiki na kakao yake. Hakuna aliyerudi na habari.

Jioni mabati yalipopigwa msumari wa mwisho, Djuma alirudi. Aliingia baada ya adhana ya magharibi, suruali ikiwa na vumbi jekundu, akapita ukumbini bila kusema neno, akaingia chumbani kwake na kulala juu ya godoro ambalo mama yake hakuwa amelitoa kwenye plastiki. Alfajiri akaondoka. Jioni akarudi. Hadidja alimwekea birika la maji ya udhu mlangoni, na asubuhi alikuta maji yamepungua. Majirani walimpa pole kwa kufiwa na hongera kwa kurudiwa, vyote kwa salamu moja, na yeye akarudi sokoni kwenye vitenge vyake. Alikuwa amelia sana mwaka ule, na sasa aliweza kulala, kwa sababu alisikia kitanda kikilia upande wa pili wa ukuta.

Ndipo kodi ya mauzo ilipobadilishwa. Zamani nyumba ya kuishi haikutozwa, sasa ikatozwa. Na kwa vile watu wa Beni na Butembo walikwisha kuzoea kusema hawana fedha, ofisi ya kodi iliamua kuchukua sehemu yake katika nyumba yenyewe. Tangazo lilisomwa redioni baina ya bei za maharage na matangazo ya vifo: kila nyumba ndogo ingetoa chumba kimoja. Nyumba zilizojengwa bila risiti hazikujulikana popote, kwa hiyo hazikuguswa. Wenye maghorofa waliendelea kulala usingizi wao mzito.

Hadidja alirudi kutoka sokoni siku ya Alhamisi akakuta ukumbi wake unaishia uani. Chumba cha mashariki kilikuwa kimeondoka kuanzia msingi hadi bati, na pale kilipokuwa, kuku wa jirani walikuwa wakiparua udongo. Jirani alimweleza kwamba kilipita saa sita mchana kikielekea barabara ya Butembo, polepole, bila kumgonga mtu. Jioni Djuma alikuja. Alipita ukumbini, akafika mwisho wake, akasimama. Mvua ilikuwa inanyesha. Alisimama pale mpaka alfajiri, mikono ikining'inia, kama abiria aliyeachwa na gari. Mama yake alimwita aje alale kitandani kwake, akatandika mkeka, akatandika na kanga zake mpya. Marehemu halali pasipo pake. Alijua hivyo, na bado alimwita.

Ofisi ya kodi ilipata vyumba vingi kuliko mahali pa kuviweka, ikaviuza kwa jumla, na duka likanunua.

Tombola ilichezeshwa Jumamosi mbele ya duka, kwa muziki na kofia za bure. Wakandarasi walishinda toroli, sepetu na mifuko ya saruji. Zawadi ya kwanza akashinda Kataliko. Walimbeba juu juu, na Gracieuse akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Jumatatu chumba kilikuwa kimeshafika, kimejigandisha kwenye ubavu wa nyumba yao, kimenyooka sawasawa, mlango ukifungukia sebuleni. Gracieuse alikuwa tayari anafagia mbele yake. Wavulana walikuwa wakigombana ni nani atalala dirishani.

Kataliko aliingia na kupitisha kiganja ukutani. Mpiga plasta anaujua mkono wake kama mama anavyomjua mtoto wake gizani. Aliona ukingo wa dirisha ulioinamishwa kidogo kwa nje ili maji yasirudi ndani, kama anavyofanya yeye peke yake mjini. Aliona kitanda, godoro lake bado ndani ya plastiki, na shati la bluu nyuma ya mlango, na birika. Aliketi chini. Gracieuse alimkuta hapo.

"Ni cha nani?" aliuliza.

"Cha Djuma wa mama Hadidja," Kataliko akasema. "Mi njo niliandikisha jina yake."

Gracieuse aliwaita wavulana watoke, akafunga mlango taratibu, na usiku ule wakalala tena chini ya meza.

Kesho yake Kataliko alikwenda ofisi ya kodi kurudisha chumba. Alipokewa na dada mmoja anayeitwa Julie, mwenye adabu, ambaye alimpa kiti na kumsikiliza mpaka mwisho.

"Papa, ukirudisha, kwetu hiyo ni vente, ni kuuzisha," Julie alisema. "Na vente inalipa taxe. Lakini chumba moja hatuwezi kukata mu vipande mbili. Tutabeba yote, itaingia mu tombola ingine."

"Na nani atashinda?"

"Mungu njo anajua. Inaweza kwenda mpaka Kanyabayonga."

Kataliko alishukuru, kwa sababu alikuwa amejibiwa vizuri, akatoka. Akapakia vifaa vyake kwenye pikipiki, akaenda Beni. Alimweleza Hadidja kila kitu, kuanzia kuponi. Alisema akiwa amesimama, kofia mkononi, akingoja atukanwe. Hadidja hakumtukana. Alimletea maji ya kunywa, na hilo lilimwumiza zaidi.

Akaanza kumjengea chumba kingine, palepale, kwa mkono wake, bila risiti na bila kibarua. Kilipokamilika kilikuwa kizuri kuliko cha kwanza. Djuma alikuja jioni, akakitazama, akakaa nje. Msingi wake haukuwa umekanyagwa naye. Jioni moja Kataliko alimwaga mchanganyiko mbichi mlangoni, akamwomba Djuma akanyage. Djuma aliukanyaga kwa utiifu, mara ya kwanza na ya pili, kama kijana aliyelelewa vizuri. Saruji ilibaki laini kama ilivyokuwa. Walitazamana, fundi na marehemu, na Kataliko akakishika kisigino cha yule kijana kwa mikono miwili, akikikandamiza kwenye matope, akilia kwa sauti. Kisigino hakikuwa na uzito.

"Hapana lia, papa Kataliko," Hadidja alisema kutoka ukumbini. "Wacha. Ingia ndani."

Walikaa. Nje mvua ya msimu ilikuwa imeanza kuyapiga mabati, na Djuma alikuwa amerudi kusimama mahali pake.

"Kila asubui anaenda nguo imelowana," Hadidja alisema. "Mufu naye anasikia baridi. Umubebe."

"Nimubebe wapi?"

"Kwako. Chumba yake iko kule."

"Basi twende wote, mama Djuma. Gracieuse atakupokea kama mama yake. Nyumba ni yako."

"Nikifunga huu mulango, batasema nyumba ni vacante, haina mutu. Batabeba na ile inabakia, na baba yake amezikwa nyuma ya jikoni. Nilifikiri sana. Heri alale mukavu mbali na miye kuliko asimame mu mvua mbele yangu. Umubebe kesho, kabla nibadilishe roho."

Jioni iliyofuata Djuma alipofika, mama yake alikuwa uani. Alimwambia habari yote kwa ufupi, jinsi anavyoelezwa kijana anayepelekwa kwa mjomba. Alimwambia asiwasumbue watu nyumbani kwao. Alimgeukia Kataliko akamwambia kwamba Djuma hapendi dirisha lifungwe, na kwamba akiwa mdogo alikuwa anaogopa radi. Kisha akamfunga mwanawe kola ya shati. Vidole vyake vilipita ndani ya kitambaa, lakini aliifunga mpaka juu. Djuma alipanda pikipiki nyuma ya Kataliko na kumshika mabega, na pikipiki haikuinama.

Hadidja aliingia ndani kabla hawajawasha.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari alimulika uso wa Kataliko, akamulika na wa nyuma. Aliuliza karatasi za abiria. Kataliko akasema huyu ni marehemu, anapelekwa kwenye chumba chake. "Moto akufi alakisaka mokanda te," askari alisema kwa Kilingala, kwamba aliyekufa haonyeshi karatasi, akainua kamba.

Gracieuse alikuwa amefagia na kufungua dirisha. Djuma aliingia, akagusa ukuta, akajilaza. Kitanda kikalia. Kataliko alimpigia simu Hadidja, akaisogeza karibu na kitanda, na Hadidja akasikia ule mlio, akasema alhamdulillahi mara nyingi mpaka sauti yake ikapotea. Kisha akamwambia mwanawe alale salama. Djuma hakugeuza kichwa. Marehemu hawasikii sauti ya simu, jambo ambalo Butembo nzima wanalijua, ila Kataliko hakuwa na moyo wa kulisema.

Jioni ya pili Djuma alikuja akaishia kizingitini. Alishika fremu ya mlango, akainamisha kichwa, akasikiliza. Sebuleni wavulana walikuwa wakifanya kazi za shule, na Gracieuse alikuwa akikoroga ugali. Gracieuse alielewa. Aliacha mwiko akamwita, "Djuma, mwanangu, ingia ulale," kwa upole wote aliokuwa nao. Djuma alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Haikuwa sauti ya mama yake. Akatoka nje, akaenda kusimama kwenye kona ya uwanja, upande unaotazama barabara ya Beni.

Tangu hapo ndipo anaposimama. Wavulana wanampita wakienda kuchota maji na kumwamkia. Chumba kiko kitupu, kikavu, dirisha wazi, na hakuna anayelala humo. Mwezi huu gari la matangazo limeanza kupita mitaani na vipaza sauti vyake: tombola ya awamu ya pili, wakandarasi chukueni risiti, zawadi safari hii ni vyumba na jiko. Henri amemwekea Kataliko kofia.

Hadidja hupiga simu baada ya swala. Jana alipiga wakati radi zilipokuwa zinapasua anga ya Butembo, na maji yalikuwa yakishuka uwanjani kwa mkondo. Kataliko alisimama dirishani na simu sikioni. Djuma alikuwa pale kwenye kona, shati limemganda mwilini, kola imefungwa mpaka juu.

"Amelala?" Hadidja aliuliza.

"Amelala, mama Djuma."

"Hakulowana?"

"Hapana. Eko mukavu."

"Aksanti, papa. Basi na miye nilale."