Sehemu ya Fisi

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mama mdogo wa watoto wa kaka yangu, fundi cherehani tunayemwita Redio, ana domo, lakini siku ile alilifunga langu.

Nilikwenda kwa kaka kuwachukua wanawe wawili ili nikaishi nao kwangu. Tangu mkewe azikwe, miezi minne mizima, alikuwa hasemi nao zaidi ya "kuleni" na "laleni". Kutwa yuko kibandani uani, anachomelea madirisha ya watu. Nilimwambia watoto hawalelewi na cheche. Hakubisha, na hilo ndilo lililoniuma.

Mabegi yalikuwa tayari. Redio, aliyekuwa na cherehani yake pale sebuleni akitia zipu kwenye sketi za shule, akasema, "Wifi, ngoja kwanza niwamalizie hadithi."

"Fupisha basi."

Redio na kufupisha, wapi na wapi. Sungura kajifungia ndani, nje nyayo zinakaribia. Kila sungura alipokimbia, mguu wa Redio nao ulikimbiza cherehani, na mimi, mtu mzima na akili zangu, nikajikuta nimeng'ang'ania kiti. Nimewasikiliza wahubiri na wagombea wengi. Hakuna aliyewahi kunishika hivyo. Kisha akasimamisha mashine, akauliza kwa sauti ya sungura aliyesikia hodi.

"Nani anabisha?"

Watoto wakatazamana.

"Sehemu ya fisi alikuwa anasema mama," akasema mdogo, wa miaka mitano.

"Najua, mwanangu. Nani anabisha?"

Nilitaka nijibu mimi, tumalize, tuondoke. Redio akanikata jicho. Huko uani mlio wa kuchomelea ulikuwa umekatika, sijui tangu saa ngapi.

"Nani anabisha?" akauliza tena, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima.

"Ni mimi."

Kaka alikuwa amesimama mlangoni, miwani ya kazi kaipandisha kwenye paji la uso, mashavu masizi matupu.

"Wewe nani?" Redio hakumwonea huruma hata kidogo.

"Fisi," akasema kaka.

Mkubwa aliinamisha kichwa. Mdogo alimtazama baba yake juu mpaka chini.

"Siyo hivyo. Fisi wa mama ana mafua."

Nilidhani atarudi zake kwenye vyuma. Badala yake aliketi sakafuni, bega kwa bega na mtoto, machozi yakimchirizika kwenye masizi, wala hakuyafuta.

"Mafua gani?" akamwuliza. "Nionyeshe alivyokuwa anafanya."