Mama ya Mualimu

Annie Mwelwa alikuja kwenye mkutano wa wazazi shuleni na neno moja tu mdomoni: namtoa mtoto wangu. Alikuwa akilifanyia mazoezi tangu alipofunga meza yake ya mikate sokoni Katuba, kwanza kwa upole, kisha kwa ukali wa mtu asiyetaka kubishiwa. Frère Paulin, mkuu wa shule ya Wakatoliki ng'ambo ya reli, alikuwa amekubali kumpokea mwanawe Sylvain katika darasa la sita la sekondari, mkondo wa hisabati na fizikia. Nafasi ilikuwa moja, nayo karatasi za kuhama zilitakiwa zimfikie leo, kabla hajafunga ofisi. La sivyo, kijana angefanya mtihani wa taifa, ule watu wanaouita Exétat, akitoka katika shule ya Serikali isiyo na mwalimu wa fizikia.

Aliyekuwapo aliondoka mvua zilipoanza. Mgodi mmoja wa Kolwezi ulimwita, naye akaenda bila kuaga. Tangu hapo Sylvain, kwa kuwa ndiye kiongozi wa darasa, alikuwa akikimbilia kila jioni kwa binamu yake anayesoma kwa Wakatoliki, anaelezwa somo la siku, na asubuhi anasimama mbele ya wenzake na kuwafundisha. Mtaa mzima ulijua. Wengine walijivunia. Wengine walicheka mpaka wakashika mbavu.

Wazazi walibanana kwenye madawati ya watoto wao. Waliokosa walikalia matofali, maana ndiyo viti vya nusu ya darasa lile. Wanafunzi walisimama ukutani. Laurent, dereva wa teksi, baba yake Tracy wa darasa hilohilo, ndiye aliyewasha moto.

"Ba prefe, tusidanganyane," alimwambia mkuu wa shule. "Hii masomo ilishakufa. Tunabakia tu kulinda maiti."

"Chunga kinywa yako, papa Laurent!" Mzee Clément aliruka kutoka kwenye tofali lake. Alikuwa amefanya kazi relini hadi alipostaafu, na koti la kazi hakulivua mpaka leo. "Miye nilitokea hapa! Ma-injinia balitokea hapa! Bantu ya Kilwa, bantu ya Lukafu, bote balikuwa banaleta batoto yabo hapa!"

"Balikuwa," alisema Laurent. "Umejisikia mwenyewe, papa? Balikuwa."

Kicheko kikapasuka. Hata mkuu wa shule akaficha mdomo kwa kiganja. Kisha akaomba wanafunzi nao waseme.

Tracy hakusita. "Papa anasema kweli. Dada yangu alifanya Exétat hapa, akakuta maulizo ya bintu habakusoma hata siku moja. Sasa anauzisha mafuta ya gari mu bidon pembeni ya barabara."

"Weye uko na kwa kwenda, papa yako anaweza kulipa masomo ingine," Chileshe alimkatiza. Msichana huyo alikuwa ametoka Kasomeno akaletwa kwa bibi yake kwa ajili ya shule hii tu. "Sisi bengine hatuna. Mbele sikuwa naelewa fizikia hata kidogo. Sylvain akieleza, naelewa."

Hapo macho yote yakamgeukia Annie. Mzee Clément akavua kofia yake na kuishika kifuani kama mtu aliye mbele ya altare.

"Mama Sylvain," alisema, "hii masomo haijakufa. Weye ulituzalia mualimu."

Mama mmoja wa nyuma akapiga vigelegele. "Mama ya Mualimu!" Wa pili akadakia, wa tatu akasimama na kuzungusha kitambaa hewani. Mama ya Mualimu! Mama ya Mualimu! Maisha yake yote Annie alikuwa ameitwa mama wa mikate. Joto lilimpanda kutoka tumboni hadi masikioni, miguu ikamwinua, na neno alilokuja nalo likayeyuka mdomoni kama sukari.

"Mutoto wangu hakimbie!" alijisikia akisema. "Anabaki hapa! Atafundisha benzake mpaka bote bashinde!"

Darasa lilitetemeka kwa makofi. Annie akamtafuta Sylvain kwa macho, akamwona karibu na dirisha lisilo na kioo. Kijana hakupiga makofi. Alikuwa anamtazama mama yake kama anayemtazama mtu asiyemjua.

"Muzuri sana!" Laurent alipaza sauti. "Kama ni mualimu, atuonyeshe. Shika kre, mualimu!"

Walimsukuma mbele huku wakicheka. Sylvain akachukua chaki. Alichora mlima, akachora lori la madini linaloupanda, akaanza kuweka mishale ya nguvu: huu wa injini, huu wa uzito. Sauti yake ilikuwa nzuri, na wanafunzi wakachuchumaa kando ya ukuta, wakatoa kalamu. Alipofika kwenye mshale wa tatu, mkono ukasita. Akauchora kwenda juu. Akaufuta. Akauchora kwenda chini. Akaufuta tena, akauchora kwenda juu.

Annie hakuijua fizikia, lakini aliwaona watoto. Kila alichochora Sylvain walikiandika. Alichofuta, walifuta. Alichorudisha, walirudisha. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Walimwamini kama watu wanaovushwa mto gizani.

Sylvain akashusha chaki.

"Mama, hapa sijue," alisema. "Binamu yangu naye hakujua. Tangu mvua ya kwanza nafundisha bintu sijue. Nikikosa, banaandika makosa yangu. Ndiyo bataenda nayo ku Exétat."

 Laurent akamshika Tracy mkono. "Ba prefe, yangu anatoka leo."

"Na yangu," alisema Annie.

"Mama, umesema sasa hivi..." mkuu wa shule alianza.

"Nimesema. Andika karatasi."

"Mama Mwelwa!" Sauti ya mzee Clément ilipasuka. "Bantu bamekupigia makofi!"

"Makofi haitamufanyia Exétat, papa."

Mkuu wa shule alitafuta kalamu mfukoni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Musikie," alisema bila kuinua uso. "Hawa wakienda, hii kalasi nafunga. Benye kubaki nitabaingiza mu pedagogia, kule banasomea ualimu."

"Sikutoka Kasomeno kusomea pedagogia, ba prefe," alisema Chileshe.

 Wazazi walikuwa wamesimama wote, wanafokeana, huyu anaililia shule iliyomlea, yule anaita jina la mtoto wake watoke haraka. Wale mama wa vigelegele walimpisha Annie bila kumtazama. Alizipokea karatasi, akamvuta Sylvain kwa shati, kwa sababu jua lilikuwa limekwisha kuinama na Frère Paulin hakuwa mtu wa kungoja.

Chileshe akawazuia karibu na ubao. "Sylvain, ule mushale ya tatu. Iko sawa ao haiko?"

Sylvain alitazama ubao. 

"Sijue," alisema, na mama yake akamvuta nje.

Chileshe alirudi akakaa juu ya tofali, kalamu mkononi, akingoja kelele ziishe ili amwulize mtu mwingine. Mtu mwingine hakuwapo.